Giaboksi ya Wankyo

Hebu mwone mama huyu anavyokuja. Basi la Musoma limemshusha njiapanda ya Butiama saa tatu asubuhi, na tangu hapo anatembea peke yake kwenye vumbi jekundu, gunia kichwani. Gunia linalia kling, kling, kwa kila hatua. Ukikutana naye utadhani amebeba masufuria ya kupikia msibani. Siyo. Humo ndani mna spana kumi na moja, jeki, nyundo na patasi. Miguuni amevaa makatambuga, na matairi yaliyokatwa kutengeneza makatambuga hayo yaliwahi kuzunguka chini ya gari lake mwenyewe. Kanga ya kiunoni ameipiga fundo mara mbili.

Siku nyingine Wankyo ni mtu wa salamu ndefu. Atakuuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mihogo, akikumbuka atakuuliza na habari za mbwa. Leo anasema "nzuri" kabla hajaulizwa, na anapita. Wanaume wawili waliokuwa wakipalilia pamba kando ya njia walisimama wakamtazama.

"Huyo mama ameibiwa," alisema mmoja.

"Au anaenda kuiba," alisema mwenzake, "maana haangaliagi pembeni."

Wa kwanza ndiye aliyepatia. Wankyo anakwenda kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa moja kutoka njiapanda. Kijiji hicho kina gari, na tumboni mwa gari hilo mna giaboksi, na giaboksi hiyo ni ya Wankyo. Ni mwezi wa sita, mwaka 1973. Zimebaki siku kumi na sita kufika Saba Saba. Siku hiyo ikifika, giaboksi ikiwa haimo ndani ya gari lake kule Bweri, Musoma, gari la Wankyo litachinjwa.

Ndiyo, litachinjwa. Sikukosea neno. Lakini ili uelewe gari linachinjwaje, turudi nyuma kidogo.

Mume wa Wankyo aliitwa Ngolo. Alikuwa dereva wa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Butiama, enzi za Wazungu. Miaka ile ya kukaribia Uhuru Wazungu walipoanza kufunga mizigo, waliacha Austin mbili nyeusi za mwaka 1936, zinafanana kama mapacha. Moja akapewa Ngolo badala ya kiinua mgongo chake. Ya pili ilinunuliwa na Clementi, karani wa pamba aliyekuwa akikaa Nyasura, pale Bunda. Clementi alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na gari alilitaka kwa sababu lilimfaa kukaa ndani na kutazamwa.

Ngolo alikuwa na viganja vipana kama jembe la Kijita. Nati nyingine za Austin zimejificha nyuma ya injini, mahali ambapo mkono wa jembe haufiki. "Wankyo!" aliitaga. Naye Wankyo, mikono yake myembamba bado ina unga, alipenyeza vidole akaikamata nati akaizungusha. Mwaka wa kwanza alikuwa mikono tu. Mwaka wa pili alianza kuuliza hii ni ya nini, na ile inaishikaje hii. Mwaka wa tatu Ngolo alikuwa anamuuliza yeye.

Mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado na harufu ya rangi mpya, watu sita wenye magari makuukuu wa Musoma na Bunda walianzisha chama, wakakiita Klabu ya Magari ya Kale. Mjini waliwaita Klabu ya Vyuma Chakavu. Vijana waliokuwa wakiendesha magari mapya ya serikali waliwapungia na kupiga kelele, "Mzee, hiyo ni gari au jiko?" Naye Ngolo aliwajibu, "Ni jiko, mwanangu, na chakula chake kitaiva hiyo yako ikiwa imeshatupwa."

Shida ilikuwa vipuri. Kipuri cha gari la mwaka 1936 ungekipata wapi, Mwanza? Nairobi penyewe walicheka. Basi wale sita, wote wakiwa watoto wa wafugaji, walifanya walichokijua. Mfugaji wa Mara halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, amekwisha. Kwa hiyo ng'ombe mwingine humweka kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki kuwa mali ya mwenyewe. Klabu ikafanya vivyo hivyo. Kipuri hakiuzwi kati ya wanachama, kinawekwa. Mwenye kipuri anasema, "Maziwa yako, ng'ombe wangu." Anayekipokea anajibu, "Akifa, nitakuletea ngozi." Maana yake, kikivunjika usije na hadithi, njoo na vipande. Na kama ng'ombe anavyokatwa sikio ajulikane, kila mwanachama alivichonga vyuma vyake kwa patasi. Alama ya Ngolo ilikuwa mikato mitatu na kitobo kimoja.

Sheria ya kuchinja aliileta Ngolo mwenyewe. Kila Saba Saba magari yaliondoka Musoma yakaenda Bunda kwa nguvu zake yenyewe, maili arobaini na kitu, bila kuvutwa wala kusukumwa. Gari likikosa Saba Saba mbili mfululizo, wanachama wanalifungua na kugawana vyuma. "Ng'ombe asiyetembea ni nyama," alisema Ngolo, na wote wakacheka wakatia saini. Alikuwa akimlenga Clementi, aliyependa kulikalia gari kuliko kuliendesha. Hakujua kisu kile alikuwa anakinoa kwa ajili ya nyumba yake.

Ngolo alifariki mwaka 1968. Matanga hayajaanuliwa, Clementi akaja na tai yake, akakaa kwenye kigoda cha marehemu.

"Shemeji," alisema, "hili gari tulipeleke kwangu. Gari bila mwanaume ni kibanda cha kuku."

Wankyo alimtazama mpaka yule bwana akaanza kujikuna shingo. "Basi njoo Saba Saba," alimwambia, "uokote mayai."

Saba Saba ilipofika alikaa mwenyewe nyuma ya usukani, na leseni yake ambayo walimpa baada ya kumfelisha mara mbili, akafika Bunda wa pili. Hawakuweza kumkataa. Lakini kwenye daftari la klabu hawakuandika Wankyo. Waliandika "Mjane wa Ngolo." Kwenye mikutano alichemsha chai, na chai ikishanywewa walimwomba asikilize injini zao. Alikuwa anaweza kusimama hatua tano, mikono nyuma, akakuambia valvu ya tatu ina kikohozi. Walimshukuru kwa kumwita mama. Jina lake halikuingia kwenye daftari.

Wewe unaweza kusema, jambo dogo. Wankyo naye aliliita dogo miaka mitano. Madogo ya namna hiyo hayafi. Yanalala tu.

Mwaka 1972 gari lake lilikosa Saba Saba. Matairi yalikuwa yamekwisha kabisa na madukani hayakuwepo. Hiyo ikawa mara ya kwanza. Akaapa hakutakuwa na ya pili.

Februari ya mwaka uliofuata, Clementi akafika Bweri kwa miguu kutoka kituo cha basi, tai imelegea. Giaboksi yake ilikuwa imesagika meno. Alikuja na Boniphace, seremala mpole aliyekuwa na Ford ya mbao, kama shahidi.

"Shemeji, lako limelala tu hapo juu ya mawe, halina matairi," alisema Clementi. "Niwekee giaboksi. Miezi mitatu tu. Nimeshaagiza nyingine Nairobi."

"Walikuwaga wanacheka Nairobi," alisema Wankyo. "Siku hizi hawacheki?"

"Nina ndugu huko."

Wankyo alikuwa na kila sababu ya kukataa. Lakini desturi ni desturi, na marehemu hakuwahi kumnyima mtu chuma. Mwenyewe aliishusha giaboksi, akaipangusa kwa mafuta ya taa, akawaonyesha mikato mitatu na kitobo.

"Maziwa yako, ng'ombe wangu," alisema.

"Akifa, nitakuletea ngozi," alijibu Clementi, na Boniphace akaitikia, "Nimesikia."

Mwezi wa tano Wankyo aliuza mtamba wake mmoja akapata matairi manne kutoka Mwanza. Akatuma salamu Nyasura: naomba ng'ombe wangu. Jibu likaja, wiki ijayo. Akatuma tena. Jibu likaja, karani ana mkutano. Mara ya tatu halikuja jibu, alikuja Boniphace. Alikaa ukumbini akaizungusha kofia yake mikononi kama mtu anayetafuta mshono.

"Mama Boke," alisema, maana Boke ndiye binti yake wa pekee, ameolewa Tarime, "hujasikia?"

"Nisikie nini?"

"Clementi ametoa gari lake. Amelitoa kwa kijiji kipya kule Butiama. Kulikuwa na mkutano mkubwa, na hotuba. Alisema yeye hawezi kulala na mali ya mtu mmoja wakati wenzake wanajenga ujamaa. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Wakamchinjia mbuzi."

Wankyo alikuwa anapara samaki, ningu wa kukausha. Kisu kilisimama.

"Amelitoa na giaboksi yangu ndani?"

"Sasa angelitoaje bila giaboksi, Mama Boke? Aliliendesha mpaka pale."

Wankyo aliinuka akaingia ndani, akakaa gizani kitandani, akang'ata kona ya kanga. Kilichomuuma hakikuwa chuma peke yake. Mtu amechukua ng'ombe wake, amemfunga kamba ya maua, amempeleka hadharani, ameshangiliwa kwa ukarimu. Ukarimu! Mwizi wa usiku ana adabu kuliko huyo. Mwizi wa usiku angalau haombi makofi.

Jumapili baada ya ibada klabu ilikutana kwenye karakana ya Boniphace, Musoma mjini. Safari hii Wankyo hakuchemsha chai. Alisimama mlangoni.

"Mwenyekiti," alisema, maana Clementi ndiye aliyekuwa mwenyekiti, "ng'ombe wangu yuko wapi?"

Clementi alitabasamu kama mtu aliyepikiwa chakula anachokipenda. "Shemeji, karibu ukae. Mambo haya tuyaangalie kwa macho ya wakati wetu. Zama za changu na chako zimepita. Hiyo giaboksi sasa inawatumikia wananchi. Ungefurahi."

"Na zile ng'ombe zako kumi na mbili za Nyasura, zinamtumikia nani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Usichanganye mambo," alisema Clementi.

"Siyachanganyi. Nayapanga. Wewe ng'ombe zako zimo zizini. Ujamaa umeuanza kwa ng'ombe wa jirani."

Hapo tabasamu likamtoka. "Haya, tuseme kwa desturi basi, kwa kuwa unaipenda. Kwa desturi mwanamke ana zizi? Aliyechonga alama ile ni Ngolo. Ngolo hayupo. Mimi niliwekewa na nani?" Akawageukia wengine. "Na kuhusu gari lake, sheria mnaijua. Ni ya marehemu mwenyewe. Likikosa mwaka huu, tutafanya kama alivyotaka."

Wengine walitazama sakafu. Boniphace, aliyekuwa shahidi, aliokota randa akaanza kuipangusa. Wankyo aliwahesabu mmoja mmoja kwa macho, wale ambao injini zao zote amezisikiliza kwa masikio yake. Mmoja akamfuata mpaka nje akamwambia kwa upole, "Mama, hasira hasara."

"Hasira hasara," alisema Wankyo. "Na upole je? Miaka mitano nimekuwa mpole kwenu. Niambie umeniletea faida gani, nikaichukue."

Ndiyo maana Alhamisi ile ukamwona njiani na gunia.

Gari aliliona kabla ya kuona kijiji vizuri. Walikuwa wamelijengea banda la nyasi, limeoshwa linang'aa, na mlangoni wameandika kwa rangi nyeupe: MALI YA KIJIJI. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Keraryo, mfugaji mrefu mwenye kaunda suti nyeupe aliyoifua mwenyewe, alitoka kumpokea. Pamoja naye alikuwa Justina, mkunga wa kijiji.

"Karibu mama. Kaa, upewe maji."

"Maji nitakunywa nikimaliza, mzee."

Akatua gunia, likalia kwa mara ya mwisho. Akaeleza yote, tangu Februari. Hakupaza sauti. Keraryo alisikiliza huku akikuna ndevu.

"Lakini mama, sisi tulipewa," alisema mwishoni. "Mbele ya watu wote. Tukamchinjia yule bwana mbuzi."

"Mlimchinjia mwizi, mzee. Lakini hamkujua, kwa hiyo mbuzi siwadai."

Keraryo aligeuka akalitazama gari bandani. Kisha akauliza swali ambalo karani wa kalamu mbili hakuwa ameliogopa, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba anawapa gari wafugaji.

"Ana alama?"

"Mikato mitatu na kitobo. Upande wa kushoto, chini."

Mzee yule hakuita kijana. Na kaunda suti yake nyeupe alilala chali kwenye vumbi akajisukuma chini ya gari. Walimwona miguu tu. Vidole vyake vilipapasa chuma kama mtu anayepapasa sikio la ng'ombe gizani. Alipotoka, kifua chote kilikuwa na oili.

"Mitatu," alisema. "Na kitobo." Akatema mate pembeni. "Kwetu ng'ombe aliyewekwa akitolewa mahari, mwenyewe akaja na alama, ng'ombe anarudi. Hata kama bibi harusi ameshazaa. Fungua, mama. Ni yako."

Wankyo alikuwa amejiandaa kupigana. Haki ilipokuja kirahisi hivyo, hasira yake ilikosa pa kukaa, ikabaki inazunguka kifuani kama nyuki aliyeingia nyumbani. Akatandika gunia, akaingia chini.

Justina alichuchumaa kando ya gurudumu.

"Dada," alisema, "tangu gari hili lije limeshapeleka wazazi watatu hospitali. Mmoja mtoto alikuwa ametanguliza mguu. Zamani tuliwabebaga kwa machela. Wengine tuliwarudisha na machela hiyohiyo, wamefunikwa."

Nati ya kwanza ilitoka. "Mimi sikuja kuchukua gari lenu, dada," sauti ilitoka chini ya chuma. "Nimekuja kuchukua changu."

"Na gari bila hicho chako ni nini?"

Wankyo alijibu bila kufikiri. "Kibanda cha kuku."

Alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, spana ilimponyoka ikamgonga kwenye shavu. Maneno ya Clementi! Ya kwenye kigoda cha marehemu! Akaiokota spana, akaikamata nati ya pili akaizungusha kwa nguvu, na sasa hakujua tena nati ile inafunguliwa na hasira ya kumchukia nani.

"Aliyekukosea anakaa Nyasura," alisema Justina. Hakuwa akipiga kelele, ila sauti ilikuwa imekauka. "Mbona gari linalobaki juu ya mawe ni letu?"

Wankyo aliihamia nati ya tatu. Alizifungua zote. Lakini giaboksi ilipokwisha kutoka, alichana kipande cha kanga yake akaufunga mdomo wa injini uliobaki wazi, vumbi lisiingie, na nati zote akazirudisha kwenye matundu yake, kila moja mahali pake, ili atakayekuja baadaye asihangaike. Keraryo alimpa mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabara kuu, na kutoka hapo alipanda lori la pamba. Maji hakuyanywa.

Saba Saba ilikuwa Jumamosi. Austin ya Wankyo iliondoka Musoma na matairi mapya, ikapanda kila kilima kwa nguvu zake, ikafika Bunda ya tatu. Uwanjani palikuwa na jukwaa, na kwenye jukwaa alikuwa Clementi na tai mpya. Mtu wa kipaza sauti akaanza kumtangaza: mwananchi huyu wa mfano, aliyetoa gari lake kwa kijiji.

Makofi yakaanza. Wankyo, ndani ya gari, akaibonyeza honi. Honi ya mwaka 1936 inalia kama bata aliyekanyagwa, na yeye hakuiachia. Makofi yakakatika vipande vipande. Watu wakageuka.

"Nani huyo?" aliuliza mtu wa kipaza sauti.

"Aa, huyo ni mjane wa Ngolo," alisema Clementi, akipunga mkono kama anayefukuza nzi.

Wankyo alitoa kichwa dirishani. "Wankyo!" alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Ninaitwa Wankyo! Na gari alilowapa lilikuwa na giaboksi yangu! Muulizeni sasa hivi linatembea au limekaa!"

Walimuuliza. Siyo jukwaani, maana jukwaa lina heshima zake, lakini walimuuliza chini, kwenye vilabu vya pombe, sokoni, na ofisini kwake. Jioni ile Clementi alimfuata Wankyo akitoka jasho. "Shemeji, umenitia aibu mbele ya watu."

"Aibu haitiwi, shemeji. Ilikuwa humo humo. Nimeifungulia mlango tu."

Boniphace alilileta daftari la klabu bila kuambiwa, na kalamu. Wankyo alikata maneno "Mjane wa Ngolo" kwa mstari mmoja, akaandika jina lake juu. Gari halikuchinjwa. Kwa hiyo alishinda, siyo?

Kurudi Bweri alipita njiapanda ya Butiama, akakanyaga mafuta asitazame upande wa kile kijiji.

Wiki iliyofuata alilala vibaya. Clementi alimtumia barua ya kuomba radhi, yenye mhuri wa klabu na maneno "kwa nia njema" mara nne. Wankyo aliisoma yote, kisha akaipangusia kijiti cha kupimia oili, akaona oili imepungua. Ulikuwa ujumbe wenye faida kuliko uliokuwa umeandikwa. Lakini sauti kavu ya yule mkunga haikufutika na karatasi.

Siku ya nane baada ya Saba Saba, saa nne asubuhi, walikuja watu wawili kwa miguu kutoka kituo cha basi. Keraryo, kaunda suti ile ile, oili ya kifuani haijatoka. Na Justina, kibuyu cha togwa kichwani. Clementi hakuwa nao. Boniphace alikuwepo uani akirekebisha ubao wa mlango wa gari.

Wankyo aliwapa viti. Keraryo akakataa kiti akachukua kigoda, kile cha Ngolo, bila kujua.

"Mama Boke," alisema, "mara ya kwanza tulipewa na mtu ambaye si mwenyewe. Hatukupata kitu. Leo tumekuja kwa mwenyewe. Kuna binti kwetu, Dorkas, mimba yake imekaa vibaya, mwezi ujao anajifungua. Wengine wanamfuata. Tunaomba ng'ombe. Wewe utamtaka kabla ya Saba Saba, tutamleta kabla ya Saba Saba. Mimi ni mfugaji, sina maneno mengine."

Akasimama, akavua kofia, na mbele ya Boniphace akayatamka bila kuulizwa.

"Akifa, nitakuletea ngozi."

Boniphace aliacha nyundo. Justina alikuwa bado ameshikilia kibuyu, hakukitua. Wankyo alikuwa ameegemea mlango wa gari lake, ambalo injini yake ilikuwa bado na joto, maana asubuhi ile alikuwa ameliendesha mpaka ziwani na kurudi, bila sababu, kwa kulisikia tu likitembea. Maneno aliyoyasikia ni yale yale. Uani ni pale pale. Shahidi ni yule yule, na hata kigoda ni kile kile alichokalia yule mwingine. Mtu mmoja alikuwa ameyasema maneno hayo mwezi wa pili akijua anadanganya. Huyu hapa, na oili kifuani, alikuwa ameyasema jinsi baba zake walivyoyasema. Lakini masikio ya Wankyo, yaliyoweza kusikia kikohozi cha valvu hatua tano, safari hii hayakumwambia lolote. Yalikuwa yamejaa hasira bado, na hasira ina kelele.

Wakamsubiri ajibu. Wewe uliyemfuata tangu gunia lilipokuwa likilia njiani, unajua kinachotakiwa ni maneno manne tu: maziwa yako, ng'ombe wangu. Je, ungeyasema?